Mimi ni nesi wa afya ya akili: siku ya kwanza kazi yangu ni kuhakikisha utarudi (uzi mrefu)

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, kila nikipita humu nakuta mtu ameuliza: "Nikienda kitengo cha akili watanifanya nini?" Majibu yanayofuata yananichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mmoja anasema utalazwa kwenye kochi uanze kusimulia utoto wako, mwingine anasema ni sindano ya makalio na mlango wa chuma. Leo sina zamu, acha niwaeleze ninavyofanya mimi.

Kwanza, mimi si daktari. Ni muuguzi bingwa wa afya ya akili, yaani nesi aliyerudi darasani akasomea kupima, kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kutoa tiba ya mazungumzo. Mamlaka yetu yanatofautiana nchi na nchi. Kuna wanaoandika dawa kwa saini yao wenyewe, kuna wanaofanya hivyo kwa makubaliano na daktari, na kuna nchi ambazo kada hii haipo kabisa. Mafunzo ya kwanza ya wauguzi wa aina hii, wanaoitwa kwa Kiingereza nurse practitioner, yalianza Marekani mwaka 1965, pale nesi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoyaanzisha Colorado kwa ajili ya afya ya watoto. Upande wa akili ulifuata. Mgonjwa akiniita daktari namsahihisha mara moja, akirudia namwacha. Sista inatosha.

Pili, visa nitakavyosimulia nimevichanganya na kuvibadilisha. Usijitafute humu.

Sasa hoja yangu. Watu wanadhani tiba ni siku ile unapopewa dawa. Mimi naona tiba nyingi zinafia njiani, kati ya siku ya kwanza na ya pili. Dawa nyingi za sonona (depression, ugonjwa wa huzuni nzito) huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake yote, lakini maudhi yake, kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, huanza siku za mwanzo. Yaani mgonjwa analipa leo, mzigo unafika mwezi ujao. Nani asingeghairi? Ndiyo maana siku ya kwanza karibu kila ninachofanya kina lengo moja: nikuone tena.

Nashuka chini kuendelea, msinikatize sana.

Kobe Mwendapole

Nimeweka kiti hapa sista. Nakukatiza kidogo tu: mimi nilikaa kwa mtaalamu dakika saba, nikatoka na karatasi ya dawa. Jina langu alilisoma kwenye faili nikiwa tayari nimesimama.

ZamuYaUsiku

Pole mkuu. Sitakudanganya kwamba mimi hayajawahi kunitokea. Mgonjwa mpya natakiwa nikae naye karibu saa nzima, na kuna siku foleni inanipa nusu yake. Nikibanwa napunguza mengi, ila kuna maswali matatu siyapunguzi hata jengo likiwaka moto. Nitayafikia.

Mtu akiingia, naanza kumpima kabla hajakaa. Anatembeaje? Ameingia peke yake au ameingizwa? Amevaa shati lile lile la juzi? Anaongea kwa kasi kiasi kwamba siwezi kupachika neno, au kila jibu linavutwa kama ndoo kutoka kisimani? Anaangalia kona ya chumba kana kwamba kuna mtu pale? Wenzetu wa magonjwa mengine wana mashine za picha. Sisi chombo chetu cha kwanza ni macho na masikio, na yana utaratibu wake kamili: mwonekano, mwendo, usemi, hisia, mtiririko wa mawazo, njozi (kuona au kusikia visivyokuwepo), kumbukumbu, na kama mwenyewe anajua kwamba anaumwa.

Swali langu la kwanza huwa moja: "Kwa nini umekuja leo, na si mwezi uliopita?"

Kuna mama alikuja akasema shida yake ni usingizi tu, apewe kidonge aende. Nikamuuliza, kwa nini leo? Akanyamaza. Akafungua mkanda wa saa yake ya mkononi, akaufunga tena. Halafu akasema, "Jana nilisahau kumchukua mtoto shule. Nilikuwa nimekaa tu kwenye gari, nje ya nyumba, ufunguo mkononi, saa mbili zimepita." Usingizi ulikuwa tiketi ya kuingilia. Ningempa kidonge cha usingizi angeondoka na ugonjwa wake mzima mzima, na asingerudi kuniambia.

Fundi Saa

Mimi niseme ukweli, najua nitashambuliwa. Zamani watu walikuwa na shida kuliko hizi na walijikaza. Siku hizi mtu akikosa raha wiki moja ni sonona. Mnatengeneza wagonjwa ili mpate kazi.

ZamuYaUsiku

Sikushambulii, kuna sehemu uko sahihi. Kukosa raha wiki moja si sonona. Vigezo vinataka angalau wiki 2, karibu kila siku, na dalili ziwe zimemvuruga mtu kwenye kazi, shule au nyumbani. Aliyefiwa juzi akilia, huyo analia, haumwi. Sehemu ya kazi yangu ni kumwambia mtu kwamba haumwi, na wapo wanaokasirika nikiwaambia hivyo.

Ila hilo la kujikaza lina tatizo moja: mwili haujui kujikaza. Kuna kijana aliletwa na ndugu zake wakisema amekuwa mvivu. Analala saa 12 nzima kwa siku, amenenepa, nywele zinakatika, anasikia baridi wenzake wakitokwa jasho. Tulipima homoni za tezi ya shingo, zikawa chini sana. Alihitaji kidonge cha tezi, hakuhitaji cha sonona wala mahubiri. Tezi hiyo hiyo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, kutetemeka na wasiwasi ambao ungeapa ni ugonjwa wa hofu. Upungufu wa damu unaleta uchovu unaofanana na sonona. Ukosefu wa vitamini B12 unavuruga kumbukumbu na hata kuleta njozi. Zipo na dawa za magonjwa mengine, steroidi kwa mfano, zinazoweza kumvuruga mtu akili ndani ya siku chache.

Na mzee aliyekuwa timamu Jumatatu, Jumatano anaongea na watu wasiokuwepo na hajui yuko wapi, msikimbilie kusema amechanganyikiwa kwa uzee. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dharura ya mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Mara nyingi ni maambukizi, maji kupungua mwilini au dawa mpya aliyoanzishwa. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hapa unesi wangu unanisaidia sana. Kabla sijasomea akili nilipima presha na kubadilisha vidonda miaka kadhaa. Nikimshika mtu mkono kumsalimia, tayari nasikiliza joto la ngozi na mtetemo wa vidole.

Kobe Mwendapole

Haya, na ile fomu ya maswali tisa? Mimi nilijaza nikapata 14, nikaambiwa nina sonona ya wastani. Nilijisikia kama nimefeli mtihani.

ZamuYaUsiku

Hiyo ni PHQ-9. Maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 ndipo tunaanza kutazama kwa makini, na 10 hadi 14 huitwa wastani. Lakini fomu haitambui ugonjwa, inapima urefu tu kama rula. Mwenye tezi iliyolala anaweza kupata 18. Faida yake kubwa naiona siku ya pili na ya tatu. Mtu anakwambia "sioni tofauti yoyote, sista," unaweka fomu mbili ubavu kwa ubavu, ya kwanza 19, ya leo 12, na anaona mwenyewe kwamba usingizi na hamu ya kula vimeshasogea, ni huzuni tu bado imekaa. Mara nyingi huzuni ndiyo huondoka mwisho. Ndugu wa nyumbani huona nafuu kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo 14 yako hukufeli kitu. Ulipimwa ya pili?

Kobe Mwendapole

Sikurudi.

ZamuYaUsiku

Unaona sasa.

Msomaji Kimya

Sista, samahani, huwa sichangii, nasoma tu. Swali la mwisho kwenye fomu hiyo ni la kutaka kufa. Mkimuuliza mtu hivyo si ndiyo mnampa wazo?

ZamuYaUsiku

Karibu, na uliza bila kuomba samahani. Hapana, kuuliza hakupandi mbegu. Hili limechunguzwa sana, na kwa wengi kuulizwa kunapunguza mzigo, kwa sababu wazo hilo wamelibeba peke yao wakidhani likitoka mdomoni watafungwa kamba. Ninachokwepa ni kuuliza kwa namna inayoomba jibu la hapana. "Huwazi mambo mabaya, eti?" Hapo umeshamziba mdomo. Mimi nasema hivi: "Watu wakichoka kama ulivyochoka wewe, wengine hufikiria bora wafe. Wewe imekufikia hiyo?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, inachukua mwaka kujifunza.

Akisema ndiyo, siruki kwenye kiti. Nauliza kama ni kutamani tu asiamke, au ana mpango, amewahi kujaribu, na ndani ya nyumba kuna nini cha kujidhuru nacho. Tunaandika pamoja karatasi moja, kwa maneno yake na si yangu: dalili zinazoniambia hali inakuja, ninachofanya kujituliza, ninayempigia simu, nani atatunza vitu vya hatari nje ya mikono yangu. Hata dawa namwandikia za wiki moja badala ya mwezi. Kama ana nia na mpango wa leo, haachwi peke yake hata kwenda chooni, anakwenda kitengo cha dharura akiwa na mtu. Na hilo linakuhusu hata wewe usiye nesi: usiondoke upande wake mpaka mfike.

Hilo ndilo swali la kwanza kati ya yale matatu. La pili ni: unatumia nini kingine? Pombe, bangi, dawa za kununua mwenyewe, za mitishamba, za jirani. Naliuliza bila kukunja uso, maana ukikunja uso unapata jibu la kanisani.

La tatu nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Nikiwa mpya alikuja kijana ana sonona nzito, kila kigezo kipo, nikamwandikia dawa ya sonona nikajipongeza. Wiki tatu baadaye dada yake akanipigia simu. Kijana hajalala siku nne na hachoki, ameacha kazi, amekopa pesa kuanzisha biashara tatu kwa mpigo, anaimba saa nane usiku. Alikuwa na baipola, ugonjwa unaomrusha mtu kati ya huzuni nzito na msisimko uliopitiliza. Sonona niliyoiona ilikuwa upande mmoja wa sarafu, na dawa ya sonona ikipewa peke yake kwa mtu wa namna hiyo inaweza kumrusha upande wa pili. Mwaka mmoja kabla aliwahi kupata wiki nzima ya hali kama hiyo, ndogo zaidi. Familia nzima ilijua. Mimi sikuuliza. Alilazwa, akapona, lakini madeni hayakulazwa naye.

Tangu siku hiyo: "Umewahi kupata siku kadhaa mfululizo unalala saa mbili tatu tu na bado una nguvu kuliko kawaida yako?" Na mgonjwa akiniruhusu, namuuliza ndugu pia. Mtu aliyekuwa juu huikumbuka hali hiyo kama siku zake bora kabisa maishani, hawezi kuihesabu kama ugonjwa.

Fundi Saa

Hapo umenigusa, nina binamu wa hivyo hivyo. Aliuza pikipiki kwa nusu bei akampa mtu pesa barabarani. Tulisema ni ulevi. Sasa anakunywa lithiamu na kila mara wanamtoa damu. Mnaipeleka wapi hiyo damu?

ZamuYaUsiku

Haha, hatuiuzi. Lithiamu ni dawa nzuri mno na kali mno. John Cade wa Australia aliripoti mwaka 1949 kwamba inatuliza msisimko huo, na mpaka leo ni kati ya dawa chache sana zenye ushahidi wa kupunguza vifo vya kujiua. Lakini pengo kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni jembamba. Kwa matumizi ya muda mrefu kiwango kwenye damu kinatakiwa kiwe karibu 0.6 hadi 1.0, na kikipita 1.5 tunaanza kuogopa sumu. Damu yenyewe itolewe zikishapita saa 12 tangu dozi ya mwisho. Mwambie asimeze cha asubuhi kabla ya kutolewa, vinginevyo namba itadanganya. Figo na tezi nazo zinapimwa.

Na hili binamu yako alijue vizuri: dawa za maumivu kama ibuprofeni zinapandisha lithiamu mwilini. Vivyo hivyo kuharisha, kutapika au kukaukiwa maji. Akianza kutetemeka sana mikono, kuyumba, kutapika, ulimi mzito, asisubiri tarehe ya kliniki.

Turudi kwenye kurudi.

Kuna dada alikuja siku yake ya pili. Nikamuuliza dawa zinaendaje, akasema vizuri. Umezileta? Akatoa pakiti kwenye mkoba, akaiweka mezani akiifunika nusu kwa kiganja. Vidonge 28, vilivyotoka ni 9. Zamani ningefungua somo la umuhimu wa dawa. Siku hiyo nikahesabu tu, nikasema, "Tisa. Cha tisa kilikuwaje?" Akacheka. Cha tisa alikitapika kwenye sinki la ofisini, na bosi wake akamuuliza mbele ya watu kama ni mjamzito. Hakuwa mkaidi, alikuwa na aibu. Tulianza upya na nusu ya dozi, anameza baada ya kula, tukapanda taratibu. Nikaandika kwenye karatasi yake: wiki ya 1 huenda kichefuchefu kikaja, wiki ya 2 kichefuchefu kinapungua, moyo bado mzito, wiki ya 3 usingizi unaanza kurudi. Alipoona kichefuchefu kimekuja kwa tarehe niliyoandika, akaamini na zile tarehe nyingine.

Wanaume wana lao. Atakwambia "dawa haifanyi kazi" ilhali fomu imeshuka kutoka 20 hadi 8. Kinachogoma ni chumbani. Dawa nyingi za sonona zinapunguza hamu au kuchelewesha kilele, kwa wanawake pia, na kama sikulitaja siku ya kwanza, mtu ataacha kimya kimya na kusema sista ni muongo. Kwa hiyo nalitaja mimi kwanza, kavu kavu, kama ninavyotaja kichwa kuuma. Kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha dawa. Kuacha ghafla ndiyo hapana: kizunguzungu, hasira, hisia kama shoti za umeme kichwani. Na akipata nafuu asikimbilie kuacha, tunaendelea angalau miezi 6 baada ya kupona.

Kwa vijana, miadi yangu ya pili haipiti wiki moja. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likasogezwa hadi umri wa miaka 24. Hiyo haina maana wasipewe. Ina maana mwanzoni waonwe kwa karibu.

Kobe Mwendapole

Na asiyetaka dawa kabisa?

ZamuYaUsiku

Anakaribishwa vilevile. Sonona nyepesi mara nyingi tunaanza na mazungumzo, na mazungumzo siyo kupiga soga. Hildegard Peplau, nesi mwenzetu, alifundisha tangu 1952 kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa wenyewe ni chombo cha kazi. Kwa mtu aliyekwama kitandani, mimi naanza na vitu vidogo hadi vinachekesha: wiki hii utafungua dirisha kabla ya saa tatu asubuhi, basi. Tunaweka kwenye karatasi, anarudi tunaangalia siku ngapi dirisha lilifunguka. Mwili ukianza kusogea, moyo mara nyingi unaufuata. Ukisubiri moyo utake kwanza, utasubiri sana.

Anayesitasita namuuliza, kutoka 0 hadi 10, uko tayari kiasi gani kujaribu? Akisema 3, simuulizi kwa nini si 8. Namuuliza kwa nini si 0. Hapo anaanza kujitetea mwenyewe, na maneno yake yana nguvu kuliko yangu.

Mwenye kusikia sauti au baipola iliyochanganya, huyo mazungumzo peke yake hayatoshi, na nitamwambia hivyo bila kuzunguka.

Msomaji Kimya (wiki tatu baadaye)

Sista, sijui kama bado upo. Lile swali nililouliza lilikuwa la mdogo wangu. Nilimuuliza vile ulivyoandika, halafu nikanyamaza. Alisema ndiyo. Tulikwenda siku ile ile, akaonwa, akapewa dawa za wiki moja, na vile vitu vya hatari nimeviondoa nyumbani. Alirudi mara ya kwanza, akaongezewa za wiki mbili. Kesho ndiyo tarehe tena, na jana nimegundua ameacha kumeza tangu Ijumaa. Anaona aibu, anasema atakwenda kliniki akishazimaliza zote.

ZamuYaUsiku

Nipo. Umefanya kazi kubwa.

Leo mwulize tena lile swali, vilevile. Jibu likiwa zito kuliko lile la kwanza, msisubiri kesho. Kama sivyo, kesho aende. Asivimeze kwa mkupuo ili hesabu ilingane, na wewe usivitupe. Beba pakiti hivyo hivyo ilivyo, na vidonge vilivyobaki ndani yake, uiweke mezani wewe kama yeye anaona haya. Mwambie nesi ni Ijumaa, na kilitokea nini Ijumaa.